Nyumba ya Kale Isiyo na Stoo: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mshauri. Ninakaa Mkunazini, Unguja, katika ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe tuliyoachiwa na marehemu baba yangu. Tuna vyumba viwili na ukumbi mdogo, na tuko watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Nyumba haina stoo wala kabati la ukutani, na vyumba ni vyembamba mno hata kitanda kikishaingia hapabaki pa kugeukia. Tulinunua kabati kubwa la plaiwudi tukidhani tutapata nafuu, nalo sasa limejaa na nguo zilizomo zinanuka uvundo. Juu ya kabati pana masanduku, chini ya vitanda pana mabegi, na ngazi ya kupandia imekuwa ghala la madumu ya maji. Mume wangu anataka tuvunje ukuta mmoja ili chumba kiwe kikubwa. Nianzie wapi?
Mama wa Watatu, Mkunazini

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nitatangulia na ukuta, kwa sababu jambo la mumeo haliwezi kungojea mengine. Mwambie asiuguse. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe ukuta haukusimamishwa kwa ajili ya kutenga chumba na chumba tu, bali ndio unaobeba sakafu ya wanaokaa juu yenu. Wajenzi wa zamani walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga mawe juu yake na kushindilia chokaa na kokoto, na kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki kwa salama zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vyote vikatoka virefu na vyembamba. Mkiuondoa ukuta, boriti hazitakuwa na pa kulalia. Isitoshe, mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi ya namna hiyo haifanywi bila ya kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ikiwa mumeo bado ana shaka, mkumbushe Beit el Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Kuhusu mahali pa kuanzia, jibu langu ni ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama wima, mara nyingi hakuna njia nyingine ya kutokea, na ninyi mna mtu mzima na watoto. Moto ukizuka jikoni usiku, dumu moja lililolala kwenye daraja litatosha kumwangusha mama yako. Sikuambii uyatupe madumu yote, maana maji ya bomba tunayajua yanavyokatika. Pima maji mnayotumia kwa siku mbili, bakisha madumu ya kiasi hicho, na yale yaliyopasuka au yasiyo na vifuniko yatoke. Yanayobaki yasirundikwe katikati ya chumba. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 lililojaa lina zaidi ya kilo mia mbili, na boriti zilizokwisha kula chumvi miaka mingi hazipendi uzito wa namna hiyo katikati ya sakafu. Vitu vizito vyote vikae kando ya ule ukuta ambao ncha za boriti zimeingia ndani yake, alimradi ukuta huo hauna alama ya maji yanayovuja, kwa sababu boriti huoza kwanza kwenye ncha hizo.

Ngazi ikishakuwa wazi, chukua daftari na upite chumba kwa chumba. Watu wengi wakipunguza vitu huvipanga kwa aina: nguo huku, vyombo huku, vitabu kule. Mimi nakushauri uvipange kwa wenyewe. Mbele ya kila sanduku na kila begi andika jibu la swali moja tu: hiki ni cha nani? Nina hakika utakuta kwamba nyumba ya watu sita inabeba mali za watu wengi zaidi. Nyumba ya urithi ina kawaida ya kugeuka bohari la ukoo mzima: kaka aliyehamia Dar es Salaam ameacha feni na magodoro, shangazi aliyerudi Pemba ameacha kasha, binamu aliyekwenda Uarabuni ameacha jokofu bovu na ahadi ya kulifuata. Hakuna aliyewauliza wenye kukaa humo kama wana nafasi. Kwa hiyo sikubaliani nawe unaposema kwamba shida ni ukosefu wa stoo. Hata ungejengewa stoo leo, ingejazwa na wasiokaa hapo kabla ya wewe kuweka chako.

Vitu hivyo ni amana, na amana haitupwi wala haiuzwi kinyemela. Lakini kuitunza hakumlazimu mtu kulala pembeni ya jokofu bovu maisha yake yote. Fungua kila sanduku mbele ya mama yako awe shahidi, andika kilichomo, piga picha, umtumie mwenyewe pamoja na maneno machache ya heshima yanayompa njia nne: aje achukue, amtume mtu, aruhusu kiuzwe apelekewe fedha zake, au aruhusu kitolewe sadaka. Weka na siku ya mwisho. Shaabani inafaa sana, kwa sababu nyumba zote husafishwa kabla ya Ramadhani na hakuna atakayeona kwamba unamfukuza yeye peke yake. Wapo watakaosoma ujumbe na kunyamaza. Hao usiwaandikie mara ya pili; mpe mama yako simu azungumze nao, kwa kuwa anayeweza kukunyamazia wewe hawezi kumnyamazia mama yake mdogo.

Mali za marehemu baba yako zina hukumu yake. Kama mirathi haijagawiwa, vitu vyake si vyako peke yako hata kama viko chini ya kitanda chako, na kitu kidogo kama saa au bakora kinaweza kuzua maneno ambayo nyumba haikuyatazamia. Waite ndugu zako siku moja, mama yako atangulie kuchagua anachotaka kubaki nacho, nyaraka za nyumba ziwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote, kisha nguo zitolewe kwa ridhaa ya kila mrithi. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi ipo. Jambo moja ni la kuangalia katika kutoa: watu wengi wakitaka kupunguza vitu huwapelekea maskini vilivyochakaa. Aya ya 267 ya Sura ya Al-Baqara inawaonya waumini wasikusudie kutoa kibaya ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Kanzu iliyoliwa na mende ni tambara la kupigia deki, na kuiita sadaka hakuiponyi.

Vyombo vya shughuli, yaani yale masufuria makubwa, masinia na majamvi yanayotumika kwenye harusi na hitima, ukoo mzima unahitaji seti moja, nayo ikae kwa mwenye nafasi ghorofa ya chini au msikitini kwa makubaliano. Siku hizi vinakodishwa kila mtaa, na sioni sababu ya sufuria la kupikia pilau ya watu mia kumnyima mtoto pa kufanyia kazi zake za shule.

Baada ya hapo ndipo utakapobaki na vyenu, na hivyo sina haja ya kukufundisha. Kanga sitakwambia uzigawe. Najua doti moja inaweza kubeba jina la mtu na siku yake. Ila zisikunjwe zikiwa na unyevu.

Sasa lile kabati. Lisogezeni kutoka ukutani na mtazame nyuma yake kwa tochi. Naamini mtakuta ubao wa nyuma umevimba na kuota koga jeusi, chokaa ya ukuta imegeuka unga na kumwagika sakafuni, na pengine njia nyembamba ya udongo inayopanda kutoka kwenye kona, ambayo ni ya mchwa. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni nene kiasi cha nusu mita, hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, na huutoa taratibu kwa kupitia uso wake. Kabati pana likigandamana na ukuta huziba njia hiyo, unyevu ukaingia katika mbao na kutoka katika mbao ukaingia katika nguo. Ndiyo sababu harufu hairudi nyuma hata ukifukiza udi kila Ijumaa. Kwa sababu hiyo hiyo, asije fundi akakushauri mpake saruji au rangi ya mafuta ili ukuta ukauke: utakauka hapo na kulowana chumba cha pili. Ukuta uliomomonyoka hupigwa lipu ya chokaa na kupakwa chokaa nyeupe, na kazi hiyo anapewa fundi anayeijua. Kabati lenyewe, kama mbao hazijaoza, likaushwe juani, liwekewe miguu, na likirudi lisimame mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Likiwa limeoza, liuzeni kwa bei yoyote, na badala yake seremala awatengenezee rafu za wazi za mbao ngumu. Mtu akiziona ataona na vilivyomo, jambo ambalo litakuzuia kurundika.

Kisha itazame nyumba upya, kwa maana waliojenga vyumba hivi vyembamba hawakusahau kwamba watu wana vitu. Walitumia unene wa ukuta. Gonga kuta zenu kwa kifundo cha kidole, hasa ule wa ndani unaotazamana na mlango. Panapolia tupu huenda ni shubaka, yaani kidaka cha kuwekea vitu ndani ya ukuta, lililozibwa na wapangaji wa miaka ya nyuma. Kulifungua ni kazi ya fundi wa chokaa kwa idhini ya Mamlaka, lakini shubaka moja lenye kina cha shibiri moja na rafu mbili ndani yake litachukua misahafu, dawa, sahani na vikombe bila ya kula hata inchi moja ya sakafu. Msikate mashubaka mapya, wala msipige misumari mikubwa ya kutundikia rafu, kwani chokaa haishiki msumari uliobeba uzito. Hukaa mwezi, kisha hushuka na bonge la ukuta.

Nafasi nyingine iko juu. Dari za nyumba hizi ziko juu sana, na chumba chembamba kina faida moja, kwamba upande wake mfupi unaweza kuvukwa kwa mbao za kawaida. Seremala asimamishe nguzo nne katika pembe za upande huo, alaze jukwaa juu ya kimo cha mlango, na hapo viwekwe vitu vyepesi visivyohitajika kila siku: mabegi matupu, mito ya wageni, chandarua cha ziada. Vitanda navyo viinuliwe. Vitanda vya kale vya mwambao vilikuwa virefu hata vingine mtu alipandia kibao, na chini yake palikaa makasha. Kama shangazi wa Pemba atakuachia lile kasha lake, hasa likiwa la njumu, yaani lililopambwa kwa shaba, lenye watoto wa meza (droo) chini, lifanye kiti cha ukumbini. Linahifadhi, linakaliwa, na halioni haya mbele ya wageni.

Kazi hii usiifanye wakati wa masika. Kati ya Machi na Mei hakuna kitakachokauka, na nguo utakazofunga katika masanduku ya plastiki zikiwa na unyevu zitaoza humo zikiwa zimefunikwa vizuri. Ngoja jua la kaskazi, Januari au Februari, uanike kila kitu juani, upige vumbi, ndipo ufunge. Maboksi ya karatasi yote yatoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo, kwa sababu mende hutaga humo na mchwa huyapenda kuliko mbao.

SWALI: Shikamoo, Bibi. Mimi ni kijana wa Kibokoni, Mombasa. Babu yetu amefariki na chumba chake cha chini, ambacho mimi na mke wangu tumepewa tukae, kimejaa magazeti ya zamani, redio mbovu, kaseti, na makaratasi mengi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu ambayo hapa nyumbani hakuna anayeweza kuyasoma. Zidaka zote za ukutani zimejaa. Nimeitiwa mtu wa kununua makaratasi kwa kilo. Je, nimpe?
Mjukuu, Kibokoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe magazeti, ukishayapekua moja moja, kwa sababu wazee walikuwa na desturi ya kuficha hati na fedha ndani yake. Redio mbovu mpe fundi wa vipuri. Makaratasi ya hati za Kiarabu usimpe.

Katika mwambao wetu Kiswahili kiliandikwa kwa hati hizo muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini kuenea, na mtu asiyezisoma hawezi kujua kama alichoshika mkononi ni dua, ni hesabu za dukani, ni hati ya kuuza shamba, au ni utenzi ambao nakala yake nyingine haipo. Miswada mingi inayosomwa leo vyuoni, ikiwa ni pamoja na ile iliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka katika nyumba za watu, na bila shaka mingine mingi imeishia kufungia bizari na karanga. Mtafute kwanza maalimu wa madrasa au mzee wa mtaa aliyesoma, akae nawe alasiri mbili tatu akutenganishie. Itakayoonekana kuwa na uzito, waonyeshe Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo ofisi zake unazo karibu hapo Fort Jesus. Kuwaonyesha si kuwapa. Hiyo mtaamua ninyi wenye mali, kwa pamoja.

Wakati unangojea, yatoe yote sakafuni leo. Yaliyolowana yasianikwe juani, kwa kuwa wino hufifia na karatasi hukatika. Yatandaze kivulini penye upepo, karatasi moja moja. Usibandike utepe wa gundi penye mpasuko, usiyatie katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, na dawa ya kuulia wadudu usiipulize juu yake. Bahasha kubwa za karatasi safi, juu ya rafu isiyogusa ukuta, zinatosha. Yapige picha kwa simu, upande wa mbele na wa nyuma, ukiandika kila fungu limetoka kidaka gani, maana wazee hawakupanga vitu ovyo kama tunavyowadhania.

Kaseti zichague kwa maandishi ya juu yake. Muziki wa madukani unapatikana kwingine. Ile iliyoandikwa kwa kalamu ya babu huenda ina sauti yake au ya bibi yenu, na kaseti haina muda mrefu, kwa sababu utepe wake huota koga katika hewa yetu. Hiyo itolewe nakala kabla ya chumba kupakwa chokaa, na zidaka zikishakuwa tupu ziachwe wiki moja zipigwe na hewa kabla hujaweka vyenu.

SWALI: Bi Mshauri, nakuandikia kutoka Muscat. Nilipohama Unguja niliacha kwa dada yangu, mtaa wa Malindi huko huko Unguja, makasha mawili na kabati la mama yetu. Sasa ananiambia nyumba ni ndogo na niviondoe. Nimeumia, maana naona kama anafuta nafasi yangu nyumbani. Nimwambie nini?
Kaka, Muscat

JIBU: Ndugu yangu, muulize dada yako analala wapi na watoto wake wanalala wapi, kisha upime vitu vyako vinachukua sehemu gani ya chumba. Nafasi yako nyumbani haimo ndani ya kabati. Amekuhifadhia miaka yote hiyo bila ya kodi, akayahamisha kila ukuta ulipolowana, na hukutaja hata mara moja kwamba umewahi kumpelekea fedha za dawa ya mchwa.

Chagua kasha moja utakalolifuata mwenyewe safari ijayo. Kabla ya kulipakia, ulizia katika idara inayohusika na mambo ya kale Zanzibar, kwa sababu vitu vya zamani vinaweza kuhitaji kibali ili kutoka nchini, na ni bora ulijue hilo ukiwa Muscat kuliko ukiwa bandarini. Kasha la pili mruhusu alifungue mbele ya mtu mnayemwamini, akutumie orodha ya vilivyomo, nawe umjibu katika siku saba kipi abakishe na kipi akitoe.

Kabati la mama yenu lina jambo zaidi, kwani ni la warithi wote. Kama mmebaki wawili tu, mwandikie kwa mkono wako kwamba umemwachia sehemu yako, mtaje na shahidi, ili akitaka kuliuza, kulikata rafu au kulitoa mlangoni asihitaji kukupigia simu tena. Ambatanisha na barua hiyo nauli ya mchukuzi, kwa kuwa ngazi za Malindi unazijua.